Shajara ya mradi: kutafuta na kupima miti mikubwa kuliko yote katika msitu wa Amani

Juni, masika yanapoisha

Mradi huu una kazi moja: kuandaa orodha ya miti mikubwa kuliko yote iliyosimama katika zile sehemu za msitu wa Amani, Usambara Mashariki, ambazo hazikuwahi kuingiliwa na ukataji wa mashine. Kila mti utaandikwa urefu wake, mzingo wa shina lake na maelezo kamili ya namna vipimo vilivyopatikana, ili mtu atakayekuja baadaye na vifaa vyake aweze kusimama pale tuliposimama na kupata namba ileile, au aweze kueleza kwa nini imebadilika. Namba isiyoweza kurudiwa na mtu mwingine haitaingia kwenye orodha, hata kama mti wenyewe unastaajabisha.

Kilichotusukuma kuanza ni habari ya Kilimanjaro. Mtafiti Andreas Hemp wa Chuo Kikuu cha Bayreuth, Ujerumani, ambaye ameufanyia mlima ule utafiti kwa miaka mingi, alipima kwa vifaa vya leza kati ya mwaka 2012 na 2016 miti iitwayo mikukusu iliyojificha katika bonde la mto, na mmoja kati yake ulifika mita 81.5. Kumi iliyokuwa mirefu zaidi ilikuwa na urefu wa kati ya mita 59.2 na 81.5, na vipenyo vya kati ya mita 0.98 na 2.55, na umri wake ulikadiriwa kuwa miaka 500 hadi 600. Huo wa mita 81.5 ndio mti wa asili mrefu kuliko yote iliyowahi kupimwa barani Afrika; ile mikaratusi ya Magoebaskloof kule Afrika Kusini, ambayo nayo imevuka mita 80, ilipandwa na watu. Kwangu jambo zito si namba yenyewe. Mlima unaopandwa na maelfu ya watu kila mwaka, na ambao wataalamu wa mimea wameuchunguza tangu karne ya kumi na tisa, ulikuwa bado haujapimwa miti yake mirefu. Ikiwa Kilimanjaro ilikuwa hivyo, hakuna sababu ya kudhani kwamba mabonde ya Usambara yamekwisha kujulikana.

Juni, kuchagua pa kutafuta

Amani ina historia inayosaidia na historia inayoumiza. Wajerumani walianzisha kituo chao cha utafiti wa kilimo na mimea hapa mwaka 1902, na kutokana na hilo kuna maandishi mengi ya zamani kuhusu miti ya eneo hili. Hata hivyo, msitu huu ulikatwa kwa mashine hadi miaka ya 1980, na waliokuja na mashine hawakufuata miti midogo: walifuata miti ya mbao kama mitambaa na mifimbo iliyonyooka na kunenepa, yaani ileile tunayoitafuta sasa. Hadhi ya hifadhi ya mazingira asilia ilikuja mwaka 1997.

Kwa hiyo hatua ya kwanza haikuwa kutafuta miti bali kutafuta mahali ambapo msumeno haukufika. Ishara tunayoiamini kuliko zote ni mhesi. Mti huu uliletwa Amani wakati wa ukoloni, na mbegu zake husambazwa na ndege waitwao hondohondo, ambao hula matunda yake kwa pupa. Huota kwa kasi pale ambapo mwanga umefika chini baada ya miti mikubwa kuondolewa. Penye mihesi mingi minene, pamekatwa, na hatupotezi muda hapo. Ishara ya pili ni mashimo ya kupasulia mbao. Bonde la kwanza tulilolikagua lilionekana safi kabisa hadi tulipokuta ukingoni mwa kijito shimo refu lenye kuta zilizonyooka, limejaa majani yaliyooza, na boriti mbili zilizoota kuvu zikiwa bado zimelala juu yake mahali gogo lilipoegemezwa. Tulipotazama vizuri tukaona visiki vitatu ndani ya vichaka. Tuliliondoa bonde hilo kwenye orodha.

Tumetumia pia ramani za urefu wa misitu zinazotokana na kifaa cha leza kiitwacho GEDI, kilichofungwa kwenye kituo cha kimataifa cha anga za juu mwishoni mwa mwaka 2018. Zinasaidia, lakini kwa tahadhari. Kila doa ambalo leza hiyo husoma ardhini lina upana wa mita 25 hivi, na kwenye mteremko mkali mwanga unaorudi kutoka chini ya mteremko huchanganyika na ule wa juu yake, hivyo urefu wa msitu huonekana mkubwa kuliko ulivyo. Usambara ni miteremko mitupu. Ramani imetuonyesha mabonde ya kuanzia. Haijatuonyesha mti hata mmoja. Huko Tasmania mkaratusi uitwao Centurion uligunduliwa mwaka 2008 kwa leza ya kutoka kwenye ndege, na mti uitwao Menara wa Sabah, Malaysia, nao ulipatikana kwa njia hiyohiyo. Sisi hatuna ndege, ila tuna watu waliotembea msitu huu tangu utoto wao.

Mzee anayetuongoza, ambaye katika ujana wake aliokota mbegu za miti iitwayo misambu katika karibu kila bonde la upande huu, alituuliza swali lililobadilisha mpango wetu wote. Tulimwamkia, tukakaa, nikamuuliza mti mkubwa kuliko yote aliouona uko wapi. Akasema, “Wanangu, mkubwa kwa unene, au mkubwa kwa kwenda juu? Maana hiyo haikai pamoja.”

Ndivyo ilivyo duniani kote. Mti unaoitwa General Sherman kule California una urefu wa mita 83.8 tu, lakini shina lake lina ujazo wa mita za ujazo zipatazo 1,487, na kwa kigezo hicho hakuna mti mmoja uliosimama unaoushinda. Hyperion, mti mrefu kuliko yote unaojulikana, una zaidi ya mita 115, lakini kwa ujazo uko nyuma sana. Wamarekani, ambao wameweka daftari la miti mikubwa ya nchi yao tangu mwaka 1940, hujumlisha mzingo kwa inchi, urefu kwa futi na robo ya upana wa mwavuli wa matawi kwa futi, wakapata alama moja. Sioni kwamba alama hiyo inatufaa, kwa sababu inaficha kinachotofautisha mti na mti. Orodha yetu itakuwa na safu mbili, ya urefu na ya mzingo, zinazosimama kila moja peke yake, na mti unaweza kuongoza katika moja bila kutajwa katika nyingine.

Julai, urefu

Mwezi wote huu umekwenda katika kupima mti uitwao mnyasa, na ninataka kueleza kwa kirefu kwa sababu hapa ndipo namba nyingi za miti mirefu huharibikia.

Mnyasa una mwavuli bapa na mpana, matawi yake yakienda mbali na shina. Njia iliyozoeleka kwa wanamisitu ni kusimama umbali unaojulikana kutoka kwenye shina, kusoma pembe ya kuelekea kileleni, kisha kuzidisha umbali huo kwa tanjenti ya pembe, yaani uwiano wa kimo kwa umbali wa mlalo. Njia hiyo inadhani kwamba ncha unayoiona iko moja kwa moja juu ya kitako cha mti. Kwa msonobari wa shambani dhana hiyo inaweza kupita. Kwa mnyasa inaharibu kila kitu, kwa kuwa kinachoonekana kama kilele kutoka chini mara nyingi ni tawi linalokuja upande wa mpimaji.

Chukua namba rahisi. Umesimama mita 30 kutoka kwenye shina na pembe ya kuelekea ncha unayoiona ni nyuzi 60. Tanjenti itakupa mita 52 juu ya usawa wa macho. Lakini kama ncha hiyo ni ya tawi lililosogea mita 5 kuelekea kwako, basi kwa mlalo iko mita 25 tu kutoka uliposimama, na urefu wake wa kweli juu ya macho yako ni mita 43.3. Umeongeza karibu mita 9 ambazo hazipo, na hukufanya kosa lolote la kusoma kifaa. Mti wa kawaida umegeuka kuwa mti wa rekodi.

Njia tunayotumia ni ya saini ya kihisabati (sine), yaani uwiano wa kimo kwa umbali wa moja kwa moja. Kipima umbali cha leza huelekezwa kwenye ncha yenyewe, si kwenye shina. Hutoa umbali wa moja kwa moja kutoka kwenye jicho hadi kwenye ncha, na umbali huo huzidishwa kwa saini ya pembe. Katika mfano uleule leza ingesoma mita 50, na mita 50 kwa saini ya nyuzi 60 ni mita 43.3, bila kujali tawi limeegemea wapi. Kitako cha mti hupimwa vivyo hivyo, kisha vipande viwili hujumlishwa, au hutolewa kimoja kwa kingine ikiwa kitako kiko juu ya macho, jambo ambalo hutokea mara kwa mara mtu anaposimama bondeni.

Faida kubwa ya njia hii ni kwamba mpimaji akikosa kuiona ncha halisi hupata namba iliyo ndogo kuliko urefu wa kweli. Anaweza kuupunja mti. Hawezi kuuongezea kwa sababu ya tawi lililoegemea. Ndiyo maana tunazunguka kila mti tukitafuta matundu kwenye majani, tunasoma kutoka pande zisizopungua tatu, na kuandika usomaji mkubwa kuliko yote ambao leza imeurudia bila kuyumba, pamoja na kasoro inayowezekana ya kifaa. Kwa makusudi tuliupima mnyasa mmoja mpana kwa njia zote mbili kutoka mahali palepale, na njia ya tanjenti ikauongezea mita kadhaa. Karatasi hiyo tumeihifadhi kwa ajili ya vijana wanaojifunza kupima.

Leza ina matatizo yake. Jani la mbele likiguswa, kifaa husoma jani hilo, kwa hiyo tumeweka mpangilio wa kusoma kitu kilicho mbali zaidi. Ukungu ni mbaya zaidi. Hapa hupanda kutoka upande wa Tanga alasiri, na leza hurudi kutoka kwenye matone na kutoa umbali wa mita chache ambao macho yenyewe yanaona kuwa hauwezekani. Tunapima asubuhi, ukungu ukiingia tunahamia kwenye mizingo.

Agosti, mzingo

Watu hudhani kwamba kupima unene ni kuzungusha futi kamba tu. Kanuni ni kupima kwenye kimo cha kifua, mita 1.3 kutoka ardhini. Kwenye mteremko wanamisitu huhesabu mita hizo kutoka upande wa juu, nasi tumefuata hivyo kwa miti yote.

Shida ni mizizi iliyopanda kando ya shina ikawa kuta. Katika minyasa mikubwa kuta hizo humzidi mtu kimo, na futi inayozungushwa hapo hupima hewa iliyo kati ya ukuta na ukuta. Tumefuata utaratibu unaotumika katika ploti nyingi za kudumu za misitu ya tropiki: mzingo huchukuliwa sentimita 50 juu ya pale kuta zinapokwisha, na kimo hicho huandikwa kando ya namba. Kazi hiyo inahitaji ngazi, na wawili wa kuishikilia. Mtambazi uliong’ang’ania shina huinuliwa na futi hupitishwa chini yake, haukatwi. Pale ambapo mtini umeufunga mti mwingine kwa mizizi yake hadi shina la mwenyeji halionekani, safu ya mzingo imeachwa wazi, kwa sababu hatuwezi kupima miti miwili na kuiita mmoja.

Kila mti uliopimwa umeachiwa bati dogo lenye namba, likiwa limefungwa kwa waya wenye springi unaoachia kadiri shina linavyonenepa. Msumari haujatumika popote.

Agosti, mwisho wa mwezi

Mvua imenyesha mfululizo ingawa si msimu wake. Siafu walihamia kambini. Hakuna kilichopimwa.

Septemba, mtambaa wa bonde la kaskazini

Mzee alikuwa amesema kwamba mti mrefu kwa kwenda juu tuutafute bondeni wala si mgongoni mwa mlima, kwa kuwa mgongoni upepo hukata vichwa. Alichosema kinalingana na kilichoonekana Kilimanjaro, ambako mikukusu mirefu imesimama bondeni, penye udongo wenye rutuba na maji ya kutosha, pakiwa pamekingwa. Mti unaorefuka unapaswa kuinua maji hadi kwenye jani la mwisho dhidi ya uzito wa maji yenyewe, na watafiti waliochunguza miti mirefu ya California walikadiria mwaka 2004 kwamba hata pale hali inapokuwa njema kabisa ukomo uko kati ya mita 122 na 130. Mahali ambapo maji hukatika au upepo ni mkali, ukomo huo hushuka sana.

Bonde hili ni jembamba, na pande zote mbili zina mteremko ambao mtu hushuka akishika mizizi. Hakuna mhesi. Hakuna kisiki wala shimo. Mtambaa unaota mita chache juu ya kijito, na kwa muda mrefu tuliupita chini yake bila kuujua, kwa maana matawi ya kwanza yako juu ya mwavuli wa miti ya jirani na kinachoonekana kutoka chini ni shina tupu linalopotea ndani ya majani ya wengine. Gome lake ni la rangi ya kahawia iliyopauka. Mahali ambapo tawi lililoanguka liliukwaruza, utomvu mwekundu ulikuwa umetiririka na kukauka katika michirizi mitatu, kama ilivyo kwa miti mingi ya jamaa ya mkungumanga. Kitako kimetanuka kidogo tu, kwa hiyo mzingo uliweza kupimwa kwenye kimo cha kawaida bila ngazi: mita 5.40, sawa na kipenyo cha mita 1.72.

Urefu ulichukua muda mrefu zaidi. Kutoka kando ya kijito ncha haionekani kabisa. Ilitubidi tupande mteremko wa upande wa pili hadi tukawa tunautazama mwavuli wake kwa usawa wa karibu na nusu ya mti, na kutoka hapo vikonyo vitatu vya juu vikaonekana dhidi ya anga. Usomaji kutoka vituo vitatu ulikuwa mita 53.1, 53.6 na 53.8. Tumeandika 53.8, na tumeeleza kituo cha kila usomaji, hali ya hewa na kikonyo kilicholengwa. Mti huu hauikaribii mikukusu ya Kilimanjaro, wala hatukutarajia hivyo. Ni mtambaa mrefu kuliko mwingine wowote tuliokwisha kuupima, na asili ya spishi hii ni milima michache tu ya Tao la Mashariki, kwa hiyo kila mmoja uliozidi mita 50 una uzito wake. Niliushika shina kwa viganja viwili kabla hatujaondoka, na siwezi kuandika hapa kwamba nilifanya hivyo kwa sababu za kisayansi.

Septemba, kuhusu umri na kuhusu mahali

Wanakijiji wametuuliza mti huo una miaka mingapi. Orodha yetu haitakuwa na safu ya umri. Miti mingi ya misitu inayopata mvua karibu mwaka mzima haina pete za mwaka zinazoaminika, na iliyo minene mara nyingi ina uwazi katikati. Unene peke yake hauwezi kujibu swali hilo: mti uliokaa kivulini kwa vizazi unaweza kuwa mwembamba kuliko mdogo wake aliyeota kwenye mwanga.

Tumejadiliana pia kuhusu viwianishi vya GPS. Uamuzi ni kwamba vitakabidhiwa kwa wasimamizi wa hifadhi na kwa serikali za vijiji vinavyopakana na msitu, na havitachapishwa. Hyperion umetufundisha hilo. Ulipojulikana ulipo, wageni walikanyaga ardhi inayouzunguka hadi mimea ya chini ikatoweka, na mwaka 2022 uongozi wa hifadhi ukalazimika kulifunga eneo hilo na kutangaza faini ya hadi dola 5,000 na kifungo cha hadi miezi sita. Hapa kwetu hatari ni kubwa zaidi, kwa kuwa mtambaa hutoa mbao nzuri na anayeuona kwenye ramani huenda asije na kamera. Sikubaliani na wanaosema kwamba kuficha mahali ni kinyume cha sayansi. Namba zetu zinaweza kukaguliwa na yeyote atakayeomba kupitia wasimamizi, akaja, akaongozwa na watu wa hapa, na akalipa ujira wao.

Oktoba, kabla ya vuli

Mpanda miti aliyezoea kazi ya kamba amekubali kuja. Kipimo kinachoaminika kuliko vyote ni cha mtu aliyefika karibu na ncha na kushusha futi hadi ardhini. Ndivyo Hyperion ulivyothibitishwa, na ndivyo ilivyokuwa kwa Menara wa Sabah, ambao mpanda miti Unding Jami aliupanda Januari 2019 na futi ikasoma mita 100.8. Kwa mtambaa wetu tunataka kujua leza ilitofautiana na futi kwa kiasi gani, ili tofauti hiyo iandikwe kama kasoro ya kweli ya vipimo vyetu badala ya ile iliyochapishwa kwenye boksi la kifaa. Kamba itarushwa kwa uzi mwembamba wenye kifuko kizito cha madini ya risasi, na tawi litakaloibeba litavikwa shuka la turubai ili gome lisichubuke. Akiona tawi lina uozo, hapandi, na hakuna atakayemshawishi.

Mabonde mawili ya upande wa mashariki bado hayajakaguliwa. Mzee anasema katika moja kuna mfimbo ambao watu wanne wakishikana mikono hawaumalizi, lakini njia ya kufika huko hukatwa na maji vuli ikianza. Tumekubaliana kuliacha bonde hilo hadi Januari, mvua zitakapopungua. Ngazi, futi mbili na mabati yenye namba yamehifadhiwa kijijini, na karatasi zote za vipimo zimeshanakiliwa na kukabidhiwa ofisi ya hifadhi.